Kitako Hakidanganyi

Watu wanaoanza kukusanya vyombo vya kale vya kioo hufanya kosa moja: huangalia uso. Wanapenda rangi, wanapenda umbo, wanakiinua chombo kwenye mwanga na kusema "lo!" kwa sauti, na muuzaji akishasikia "lo!" bei imeshapanda. Mimi huanza kwa kukipindua. Uso wa chombo ulitengenezwa ili upendwe, kwa hiyo una kila sababu ya kudanganya. Kitako hakuna anayekipamba. Kimekaa juu ya meza na rafu za watu miaka na miaka, kimesuguliwa na vumbi, na kila siku iliyopita imekiachia mkwaruzo wake. Mikwaruzo ya kweli huenda huku na kule, mifupi kwa mirefu, mmoja juu ya mwingine. Mwenye kughushi hana miaka hamsini ya kusubiri. Huchukua msasa, akasugua dakika mbili kuelekea upande mmoja, na mistari yake yote hulala sambamba. Ukiiona hiyo, rudisha chombo mezani uende zako.

Maneno haya nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba wenzangu katika chama chetu cha wakusanyaji huyamalizia kabla sijafika mwisho. Wananiita Hakimu. Jina hilo sikujipa, lakini sikulikataa pia.

Maonyesho yetu hufanyika mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa michezo wa chuo kimoja cha ufundi. Meza za kukunja hupangwa juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, na wageni huombwa wasibebe mikoba mgongoni, wasikimbie, na ikiwezekana wasipige chafya karibu na meza ya nne, ambako fundi saa mmoja mzee huweka glasi zake nyembamba. Kazi yangu ni ukaguzi. Nina kiti, taa ndogo, lenzi, na kalamu yenye ncha ya almasi. Chombo kikithibitika kuwa cha kale, napiga mhuri kwenye kadi yake. Kikiwa bandia, nakichora msalaba mdogo kitakoni, wa ukubwa wa punje ya mchele, ili asije mtu kesho akauziwa kama cha kale. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi. Wapo waliosema ni ya kikatili, nikawaambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wakapiga kura, ikapita.

Mwaka huu nilikwenda na dada yangu. Goti langu halitaki tena kukanyaga klachi, na baada ya maonyesho tulikuwa tunakwenda kwa mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyeendesha gari. Dada amenizidi miaka mitatu. Alikuwa katibu muhtasi wa shule mpaka alipostaafu, na vyombo vya kale havimsisimui. Alikaa pembeni yangu akisoma gazeti, mara moja moja akinisogezea kadi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho chamani hakuna anayekijua. Kwa miaka yote hiyo ya kupindua vyombo vya watu nilikuwa natafuta chombo kimoja tu.

Mama alikuwa na jagi. Jagi la kioo cha kijani hafifu, lililopulizwa kwa mdomo, lenye mkono mnene, na katikati ya kitako kovu la mviringo pale fimbo ya mpulizaji ilipokatwa. Alipewa na bibi yake alipoolewa, na bibi naye alikuwa amelirithi. Nyumba yetu haikuwa na vitu vingi. Mama alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali kwa mashine kubwa, kazi iliyomvunja kifundo cha mkono wa kulia nilipokuwa na miaka mitano, na kila kitu ndani kilikuwa kimenunuliwa kwa sababu kilihitajika. Jagi ndilo pekee lililokuwepo kwa sababu lilipendwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nililitoa jikoni mchana mmoja, nikalifunga kwenye taulo, nikampelekea mtu sokoni, nikanunua viatu vya ngozi. Vilinibana.

Siku ile dada alikuwa ameosha vyombo. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameshavunja kisahani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafuta mbali. Mama alimwuliza, akakana. Akamwuliza tena kesho yake, akakana, na kesho kutwa vilevile. Siku ya nne dada akachoka. Akasema, "Haya, nililivunja, vigae nikavitupa." Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kitandani naangalia viatu vyangu.

Mama hakumfokea. Alifanya jambo dogo tu: tangu siku hiyo, dada akiomba maji pale nyumbani, alipewa kikombe cha plastiki. Chekundu, chenye sikio lililoyeyuka kidogo kwa moto wa jiko. Kilianza kuwa adhabu, baadaye kikawa utani, na utani ukizeeka huwa mila. Akaitwa Vunja. Shemeji alipokuja kujitambulisha, mama alimwambia, "Huyu tunakupa, lakini usimpe kitu cha kioo," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na dada akacheka nao. Leo wajukuu wake mwenyewe wanajua kikombe cha Bibi Vunja kinakaa wapi. Imepita miaka arobaini na mmoja. Za mwizi ni arobaini, watu husema, lakini nadhani wao walikuwa wanahesabu siku.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, au mimi niliuona mzuri. Nitalitafuta jagi mpaka nilipate. Nitaliweka mbele ya mama, zima, bila ufa. Kila mtu ataelewa kwamba halikuvunjika, dada atasafika, na katika furaha ile hakuna atakayeuliza lilipitia wapi. Jagi litasema, mimi nitanyamaza. Elimu yote niliyonayo ya vioo ilianzia kwenye woga huo. Nimeona majagi kumi na moja ya umbo lile, kwa sababu kuna wakati kiwanda fulani kiliyatoa mengi kuiga ya zamani, na yote kumi na moja yalikuwa na mistari ya msasa. Na mwezi uliopita daktari alitwambia moyo wa mama umechoka, tusipange mambo ya mbali.

Basi, kwenye saa nne asubuhi, akafika mezani kwangu mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani na kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Alisema ni nesi mstaafu, na kwamba hajawahi kuja kwenye maonyesho. Akakifunua kikapu, akatoa jagi la kijani hafifu.

Moyo wangu uliruka. Nimezoea kuruka kwake, uliruka mara kumi na moja na mara zote uliumia bure.

"Ni la marehemu baba mkwe," alisema nesi. "Alilinunua zamani kwa kijana mmoja sokoni. Alikuwa anapenda kutuhadithia kwamba yule kijana alikuwa na haraka, hata bei hakubishana."

"Mama yangu, kila chombo bandia kina babu yake," nilimjibu. Hilo nalo ni neno langu la kila mwaka. Watu wawili kwenye foleni walicheka.

Nikalipindua. Kovu la mpulizaji lilikuwepo, lakini hata waigaji wanajua kuliweka. Nikaisogeza taa, nikaweka lenzi. Mikwaruzo ilikuwepo mingi, ya kina, na yote ilikwenda njia moja, kutoka upande wa mkono kuelekea upande wa mdomo. Sambamba, mmoja baada ya mwingine, ukingo hadi ukingo. Niliwahi kuona kazi ya kizembe, lakini mzembe huyu alijituma.

Dada alikuwa ameshusha gazeti. "Linafanana na la mama," alisema.

"Yanafanana mengi. Hili ni la kumi na mbili."

"Hapa kwenye mkono pana kiputo." Alinyoosha kidole, akakigusa. "La mama lilikuwa nacho. Alikuwa anakipapasa kwa dole gumba akiongea."

"Siku hizi hata viputo wanatia, dada."

Nilisema hivyo bila kuugeuza uso kwake, na bila kuugeuza uso wa jagi kwangu. Tena, jagi la mama kichwani mwangu lilikuwa kubwa kuliko hili, na la kijani zaidi. Nadhani lilikuwa likikua kila mwaka. Nikachukua kalamu ya almasi nikauchora msalaba, mstari wa kushuka, mstari wa kukata. Kalamu ile hutoa mlio mwembamba unaowakera wengi.

Nesi alilipokea kwa mikono miwili. "Nilidhani ungeangalia na juu," alisema.

"Juu huangaliwa na wanunuzi."

Alilifunika tena kwa khanga, polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akaondoka kwenye foleni. Nikaita anayefuata. Alikuwa mtu mwenye bakuli zuri sana la buluu, nikamgongea mhuri, na nilijisikia vizuri mpaka saa sita.

Tulipokuwa tunafunga, dada alirudi kutoka upande wa meza za nje na mfuko mkononi. Nililiona jagi kabla hajalitoa.

"Umenunua uongo," nikamwambia.

"Nimenunua jagi. Lile la mama la plastiki limepasuka, kila siku anafuta maji sakafuni. Na yule mama nilimwonea huruma, alikuwa amekaa kwenye ngazi." Aliliweka siti ya nyuma, akalifunga mkanda. "Halafu kama ni bandia ndiyo vizuri. Hata mimi nitaruhusiwa kulishika."

Alicheka, akawasha gari. Njia nzima nilimweleza tofauti kati ya mkwaruzo wa miaka na mkwaruzo wa msasa. Alinisikiliza kama anavyonisikiliza siku zote, huku akitafuta stesheni ya redio.

Mama anaishi kwenye nyumba ile ile. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli, basi, lakini jikoni hahitaji macho. Kiti chake kiko chini ya dirisha, na pembeni yake ipo rafu ya saruji iliyojengwa ukutani, mahali ambapo maji ya kunywa yamekaa siku zote. Tulimkuta ameshikilia lile jagi la plastiki, amelifunga kwa gundi ya karatasi.

"Hakimu kaja," alisema, kwa kuwa alisikia goti langu. "Na Vunja. Karibuni. Umehukumu wangapi leo?"

"Wengi, mama."

"Mama, tumekuletea jagi," dada alisema. Alikuwa ameshalisuuza na kulijaza, akaliweka juu ya rafu. "La kioo, lakini usiogope. Mwanao kasema ni bandia."

"Bandia si neno, mradi linashika maji."

Mama akakipapasa kikombe chake, akakishusha chini ya ukingo wa rafu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wa kifundo kibovu, ukaenda kwenye mkono wa jagi. Hakuliinua. Tangu mashine ile ya pasi, mama hajawahi kuinua chombo kilichojaa maji. Alilivuta. Alilivuta juu ya saruji mpaka ukingoni, akalilaza kidogo, maji yakashuka kikombeni, kisha akalisukuma kwa kiganja likarudi mahali pake.

Krrr, likaenda. Krrr, likarudi.

Sauti ile nilikulia ndani yake. Nililala nayo na kuamka nayo, asubuhi, mchana na jioni, miaka kumi na minne, jagi moja likivutwa juu ya rafu moja na mkono mmoja usioweza kunyanyua. Kutoka upande wa mkono kuelekea upande wa mdomo. Nimesoma vitabu vya mikwaruzo, nimefundisha watu mikwaruzo, na chombo pekee duniani ambacho mistari yake ilipaswa kulala sambamba nilikishika asubuhi nikakikataa. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Mama hakunywa. Kikombe alikiweka chini. Dole gumba lake lilikuwa limefika kwenye kiputo na halikuondoka.

"Mwaga haya maji," alimwambia dada, "halafu nipe."

Dada akayamwaga kwenye sinki, akampa. Mama alilipakata, akalipindua mapajani. Hata yeye alianza na kitako. Vidole vilizunguka kovu la mpulizaji, vikafuata mistari, vikaenda na kurudi. Dada alinitazama mimi, kisha akatazama dirishani.

"Hili jagi langu," mama alisema.

"Mama, yanafanana mengi," dada alisema, kwa maneno yangu mwenyewe.

"Nimelivuta hapa tangu mkono uvunjike. Nisilijue?" Kidole kilisimama. "Ila hapa pana kitu. Kimsalaba. Hakikuwepo. Nani amelichora?"

Mpango wangu ulikuwa jagi liseme na mimi ninyamaze. Jagi lilikuwa limesema, tena limenitaja.

"Mimi," nikasema.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Nilidhani ni bandia."

"Na lilitokaje humu ndani?"

"Mama, yalishapita hayo," dada alisema haraka. Mpaka leo sijui alikuwa anamkinga nani, wala kama alijua siku zote. Sijathubutu kumwuliza.

"Nililiuza," nikasema. "Dada hakulivunja. Hakuligusa hata. Nililiuza mimi, nikanunua viatu."

Nilikuwa nimeogopa wakati huo kwa miaka arobaini na mmoja, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kusamehewa. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayekumbuka ulipo ufunguo.

"Vile vya kahawia?"

"Ndiyo."

"Nilivipaka rangi kila Jumamosi," alisema. "Mkono wenyewe huu."

Niliona aibu. Sina neno kubwa zaidi ya hilo na sitalitafuta. Nilitazama sakafu, na sakafuni kulikuwa na lile jagi la plastiki lenye gundi.

Mama alinyoosha mkono hewani, upande aliokuwa dada, akaupata mkono wake. Hakumwomba radhi, kwa umri wake sijui kama angejua aanzie wapi. Alimpapasa vidole, kimoja kimoja, kama alivyopapasa jagi. Dada alikuwa analia bila sauti, na hakutaka mama ajue, na mama alijua.

"Wewe," mama akaniambia. "Kabatini kuna glasi za wageni. Mletee dada yako moja."

Nilikwenda, nikaifuta kwa shati langu, nikaileta. Dada alilijaza jagi upya akalirudisha rafuni. Mama aliishika ile glasi mwenyewe, akaishusha chini ya ukingo, akalivuta jagi, krrr, na hakumwaga hata tone. Dada alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja. Nyumbani kwake ana kabati zima la glasi, lakini hii aliishika kwa mikono miwili.

Mimi pia nilikuwa na kiu. Nilikuwa nimezungumza tangu asubuhi. Nilimeza mate tu, na mama ana masikio.

"Kikombe cha plastiki unajua kinakaa wapi," alisema.

Nilijua. Kilikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango, wekundu wote umepauka. Nilikishusha, na kwa mazoea nikakipindua. Mikwaruzo ilikwenda huku na kule, mifupi kwa mirefu, mmoja juu ya mwingine, miaka arobaini na mmoja kamili, na hakukuwa na mstari hata mmoja wa msasa. Nikakipeleka rafuni, nikakishika chini ya ukingo, nikamsubiri mama alivute jagi.